Daktari wa Mti

Jumatatu, 9 Septemba

Kibao kimefika. Nimekitundika mwenyewe juu ya geti, yaani nilisimama chini nikimwelekeza shemeji. Ubao mweupe, herufi nyekundu, na picha ya mti uliofungwa bandeji. Unakisoma kutoka ng'ambo ya barabara bila shida yoyote: DAKTARI WA MTI.

Mti! Mmoja! Nilimwambia mchora vibao aandike MITI. Nilimtamkia mara mbili. Nilimwandikia kwenye karatasi. Leo ananiambia nafasi haikutosha. Herufi yenyewe ni I, nyembamba kuliko zote, inayoweza kusimama kwenye ufa wa mlango, na nafasi haikutosha! Hadi saa sita watu watatu walikuwa wamesimama getini kuuliza ni mti gani. Mmoja aliuliza kama umepata nafuu.

Shemeji anasema si vibaya, mtu awe na mti mmoja na autunze vizuri. Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ndiye anayepanda juu ya miti kukata matawi. Mimi sipandi. Nimeshawaeleza wasioelewa: mwenye meli si lazima ajue kuogelea. Suala la magoti yangu kutetemeka nikisimama juu ya stuli ni suala la kitabibu, halihusiani na kazi.

Mteja wa leo: mwenye duka la viatu. Anataka mti wake utoe kivuli lakini usidondoshe majani. Nikamwambia upo mti wa namna hiyo, unaitwa mwavuli. Akanuna. Jioni nasikia ameenda kwa Mama Kofia.

Mama Kofia! Wino unachacha nikiandika jina hilo. Yuko mitaa mitatu kutoka hapa, anafanya kazi hii hii, na wamempa jina hilo kwa sababu hapandi hata kistuli cha jikoni bila kofia ngumu kichwani. Watu wake wote wanavaa. Wakimaliza kukata, wanafagia. Wanafagia! Mteja akishazoea kufagiliwa uwanja, sisi wengine tutakula wapi?

Jumanne, 10 Septemba

Nimepigiwa simu na Mwalimu Mkuu. Alistaafu zamani, lakini hakuna mtu mzima katika mitaa hii ambaye hakuwahi kusimama mbele ya meza yake akitazama vidole vya miguu. Uani kwake kuna mkaratusi mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Tawi moja limekauka, limeinamia paa la jikoni. Anataka likatwe. Hilo tu.

Tawi moja! Mkaratusi mzima ukiangushwa ni kazi ya wiki, na seremala wa kona ameshaniulizia mbao mara mbili. Nikapata wazo. Mawazo yangu huja hivyo, ghafla, kama chafya. Nikatoa mkobani kile kidude cha daktari cha kusikilizia kifua (nilikiokota kwa jirani aliyekuwa anahama), nikakiweka kwenye gome, nikafumba macho, nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Mwalimu Mkuu akauliza nasikia nini. Nikasema mapigo, tena si mazuri. Akauliza ni mapigo ya mti au ni yangu. Kisha akaniambia, "Kijana..." Kijana! Nina miaka arobaini na saba na kipara! Akasema kama mti ni mgonjwa nimwandikie maelezo, ukurasa mmoja, kwa mwandiko unaosomeka, yamfikie kesho kabla ya saa nne. Na Mama Kofia naye atawasilisha yake.

Shemeji alicheka njia nzima ya kurudi. Nidhamu kazini imekwisha.

Jumatano, 11 Septemba

Barua yangu imerudi. Imesahihishwa! Kwa kalamu nyekundu!

Nilikuwa nimeeleza kwa ufasaha kwamba mti una shinikizo la damu, kwamba ugonjwa umeshashuka hadi mizizini, na kwamba mti wenyewe hauna budi kuondolewa wote kabla haujaiambukiza nyumba. Pembeni mwa "shinikizo la damu" ameandika: Damu ipi? Pembeni mwa "kuiambukiza nyumba" ameweka alama tatu za kuuliza. "Hauna budi" imepata vema. Chini kabisa: 4/10. Mwandiko umeboreka.

Umeboreka! Ina maana anaukumbuka ule wa darasa la sita.

Barua ya Mama Kofia nimeiona imebandikwa mlangoni pa jikoni kama cheti. Mti ni mzima. Tawi moja limekauka. Likatwe. Sentensi tatu, hata mtoto angeandika. Tisa juu ya kumi! Alama moja kanyimwa kwa kusahau tarehe.

Lakini subirini. Mama Kofia amebanwa na kazi mpaka wiki ijayo, na pepo zimeanza. Mwalimu Mkuu anasema tawi linalia juu ya jikoni kutwa nzima, hawezi hata kuchemsha maji kwa amani. Kwa hiyo kazi ni yangu. Ijumaa, saa tatu kamili. Tawi tu. Alisema "tawi tu" mara nne.

Nimemwambia mke wangu kwamba Mama Kofia amejiondoa kwenye kinyang'anyiro. Akauliza kama siku hizi kuwa na wateja wengi ndiko kunaitwa kujiondoa. Sikumjibu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unayapa heshima.

Alhamisi, 12 Septemba

Usaliti! Tena wa ndani ya ukoo!

Nianze mwanzo. Kamba yetu ya kupandia imechakaa. Kwa wiki mbili shemeji amekuwa akinionyesha nyuzi zilizokatika kama mtu anayeonyesha picha za wanawe. Sawa. Leo nimemtafutia nyingine. Nimeifungua ile kamba ya kuanikia nguo uani, nikaikunja, nikampa. Ya buluu, safi, inanukia sabuni.

Shemeji akaitazama kamba. Akanitazama mimi.

"Shemeji, hii si ya kuanikia nguo?"

Nikamweleza kisayansi. Kamba hii iliwahi kubeba mablanketi manne yaliyolowa, tangu asubuhi hadi jioni, bila kulalamika. Na yeye mwenyewe ni mwembamba. Akasema blanketi likianguka halivunjiki shingo. Akasema mke wake ana mimba ya miezi saba na angependa mtoto amkute. Alisema kwa upole, huku anaikunja ile kamba na kuniwekea mkononi, na upole huo ndio ulioniudhi kuliko yote. Mtu akitaka kukusaliti si apige kelele!

Ilipofika saa nane nikaambiwa ameonekana na kofia ngumu kichwani. Ya kijani. Kwa Mama Kofia! Amepokewa hapo hapo, akapimwa mkanda wa kupandia kiunoni na mapajani kama bwana harusi anayepimwa suti.

Nilitegemea mke wangu amkaripie mdogo wake. Dada mtu anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anakata na kuuza kamba kila siku, anazijua. Badala yake akauliza nguo zake zilizolowa azianike wapi, kwenye masikio yangu? Kisha akaniomba nimpigie simu Mwalimu Mkuu nimwambie sitaweza.

Nimpigie Mwalimu Mkuu! Nimwambie sijafanya zoezi!

Mke wangu akasema haya, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nitapanda mwenyewe. Nyani anapanda kila siku, na nyani hakusoma.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sababu nitazieleza kwa mpangilio.

Saa tatu kamili niliegemeza ngazi ya fundi rangi kwenye mkaratusi. Mpango ulikuwa mwepesi. Ngazi inafika pale shina linapogawanyika. Napanda, nakaa kwenye panda, navuta msumeno wa mashine kwa kamba, nakata, nashuka. Hata kikombe cha chai kisingepoa.

Ngazi niliipanda. Naomba ijulikane. Vidato kumi na tisa, nikivihesabu kwa sauti. Nikakaa kwenye panda. Nikaivuta mashine kwa ile kamba ya buluu mpaka ikaning'inia chini ya nyayo zangu, nikaifunga kamba kwenye kisiki cha tawi. Kufikia hapo kila kitu kilikwenda kwa kanuni. Kisha nikatazama chini.

Uwanja ulikuwa umehama. Mwalimu Mkuu alikuwa amebaki na ukubwa wa kidole gumba. Mguu wangu wa kushoto, bila idhini yangu, ukaitafuta ngazi, ukaipata, ukaipiga teke. Ngazi ikaenda kulala kwenye tuta la vitunguu.

Sasa, najua kisa kinachosimuliwa huko nje, kwamba nilikalia tawi nililokuwa nalikata. Uongo mtupu! Uzushi! Sikukata kitu. Mashine hata sikuiwasha. Nilikuwa nimelikumbatia shina kwa mikono miwili na miguu miwili, na katika hali hiyo mtu hawezi kukata tawi lolote, liwe analikalia au halikalii.

Mwalimu Mkuu akauliza kuna tatizo gani. Nikasema hakuna, nakagua.

"Kwa macho yaliyofumbwa?"

Nikasema ndivyo wataalamu wanavyokagua. Saa nne nilikuwa bado nakagua. Saa tano akaleta kiti, akakiweka chini yangu kabisa, akakaa, akafungua gazeti. Watu wakaanza kujaa ukutani. Mwenye duka la viatu alifunga duka! Siku ya kazi! Mmoja wao akasema aliye juu mngoje chini, wakacheka kana kwamba methali ameitunga yeye asubuhi hiyo.

Mnamo saa sita upepo ukazidi. Mti mzima ukainama, ukafikiri kidogo, ukarudi. Ukainama tena. Lile tawi kavu likalia pembeni mwa sikio langu kama mlango wa zamani. Nikatoa sauti. Sitaieleza ilikuwa sauti gani. Ukuta ukaangua kicheko.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Lazima niandike hilo ingawa linaniuma. Alilikunja gazeti, akaliweka mapajani, akawa hana mzaha tena. Akasema kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha watoto mia sita uwanjani:

"Jedwali la saba. Anza."

"Mwalimu, mimi sasa hivi..."

"Saba mara moja."

"Saba."

"Endelea. Macho kwenye gome."

Nikaendelea. Kumi na nne, ishirini na moja. Nilipofika saba mara nane nikasema hamsini na nne.

"Hamsini na sita. Anza upya."

Tulirudia mara tano, labda sita. Kila mara nilijikwaa pale pale, na kila mara akasema anza upya, bila ukali, bila haraka. Mtu mzima, mwenye kibao, juu ya mti, anaimba jedwali mbele ya umma! Ila nitasema hivi: mtu anayetafuta saba mara nane hana nafasi ya kusikiliza mti unavyolia.

Saa saba ikalia honi getini. Gari la Mama Kofia. Kumbe Mwalimu Mkuu alimpigia simu mke wangu dukani, mke wangu akampigia mdogo wake, wote nyuma ya mgongo wangu! Mwalimu Mkuu akainuka kitini kwenda kufungua geti. Hakufika hata nusu ya njia, ile kamba ya buluu ikakatika.

Sikuona. Nilisikia tu. Mashine ilikwenda moja kwa moja juu ya kiti, na kiti kikawa kuni. Gazeti lilibaki chini ya msumeno, kona moja inapepea. Mwalimu Mkuu akageuka, akakitazama kiti chake kwa muda. Kisha akaenda akafungua geti.

Niliandika sentensi tatu hapa, nimezifuta. Tuendelee.

Shemeji akapanda. Kofia ya kijani, mkanda, kamba nene kama mkono wa mtoto. Alipofika usawa wa uso wangu jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Shemeji, usitazame chini. Nitazame mimi."

Nikamtazama. Sijawahi kumtazama mtu namna ile, hata siku ya ndoa yangu. Akanifunga mkanda. Akaanza kunibandua vidole kwenye gome, kimoja kimoja. Kila mkono alioutoa ukahamia sikioni kwake. Akauliza kama naweza kumwachia sikio. Nikasema bado. Akasema sawa, hatuna haraka, tutashuka nalo.

Nikashushwa kama gunia la mkaa. Watu wakapiga makofi! Mama Kofia akanifungua mkanda, akanipa maji ya kunywa, wala hakusema neno. Hata moja! Dharau ya kiwango hicho sijapata kuiona. Shemeji, kwa kuwa alishakuwa huko juu, akarudi akalikata lile tawi. Dakika kumi. Wakafagia.

Mapaja yangu yamechubuka yote, mbele na nyuma. Ndiyo sababu ya kulala kifudifudi.

Jumamosi, 14 Septemba

Mke wangu amenipaka dawa asubuhi, na mkono wake haukuwa mwepesi. Alipomaliza akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema taratibu kwamba kamba ile ingekuwa imemshika mdogo wake. Mashine ina kilo saba. Shemeji ana hamsini na nane. Nimeipiga hesabu hiyo kwa njia kadhaa ili inipendelee, imekataa. Nikamwambia kamba ilisuguliwa na upepo saa nne nzima. Akasema ndiyo, mume wangu, miti iko nje, na nje kuna upepo. Akatoka.

Mchana, barua kutoka kwa Mwalimu Mkuu. Wino mwekundu! Hata kwa salamu! Kiti kilikuwa cha zamani, usihangaike nacho. Ugua pole. Saba mara nane. Nimeipindua nione kama kuna alama nyuma. Hakuna. Sijui kama nifurahi au niudhike, kwa hiyo nimeudhika.

Saa kumi, hodi. Mama Kofia, kofia mkononi. Kumbe ana nywele. Ameleta mashine yangu ndani ya gunia, vipande vyote, amevikusanya hadi skrubu. Akakaa. Akanywa chai ya mke wangu. Hatimaye akafungua mdomo, akasema maneno mengi kuliko niliyopata kumsikia akisema: "Ndugu yangu, mimi kazi naiweza. Watu siwawezi. Yule wa kivuli bila majani amekuja kwangu mara nne, sijui nimwambie nini. Wewe una mdomo. Njoo uwasikilize wateja, uwaelekeze, ubaki chini. Kupanda tutapanda sisi."

Ubaki chini! Alisema hivyo nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu! Niajiriwe, nivishwe kofia, nisimame chini ya mti nikiongea na mwenye duka la viatu! Mwanamume mwenye kampuni yake! Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, ananitazama kama mtu anayemwombea mgonjwa. Shemeji, ambaye naye alikuja (sikio lina plasta), akasema kazi yenyewe ingenifaa sana. Ingenifaa! Ndivyo matusi yanavyopambwa siku hizi.

Nikasema nitafikiri.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefikiri. Tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, kwa utulivu, bila hasira, ingawa nilikuwa na haki zote za kukasirika.

Nimekwenda mpaka kwenye kiini. Tatizo la wiki hii halikuwa mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba katika mitaa hii yote hakuna mtu aliyefundishwa kupanda miti ipasavyo. Watu wanajipandia tu, kwa mazoea. Na nani anaweza kuwafundisha? Nimeuliza. Mama Kofia mwenyewe, na makofia yake, hajawahi kukaa juu ya mti zaidi ya nusu saa kwa mkupuo. Shemeji, dakika arobaini. Mimi, saa nne! Mfululizo! Katika upepo! Mwenye rekodi hiyo ni nani mwingine?

Chuo cha Upandaji Miti. Miezi mitatu, na cheti. Nitafundisha nikiwa chini, kwa kuwa kocha haingii uwanjani. Somo la kwanza: Ukaguzi.

Nimemsomea mke wangu. Amenisikiliza mpaka mwisho, amevaa viatu, ameondoka kwenda kwa mdogo wake. Nadhani ameenda kuwapelekea habari njema.

Mama Kofia nimemwandikia barua, tena nimekumbuka tarehe. Nimemshukuru kwa ombi lake la jana. Nimemjulisha kwamba kwa bahati mbaya siwezi kulikubali, ila chuoni kwangu iko nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, na nipo tayari kumfikiria. Aje na ngazi zake, kamba zake, gari lake na watu wake. Mimi nitatoa uzoefu.